ALTEZZA ILIPOTOA MACHOZI NJIANI KWENDA IRINGA

NI KWELI msomaji wangu, raha ya gari la sporti ni watu kugeuza shingo. Lakini hakuna aliyewahi kunitonya kwamba watu hugeuza shingo zaidi pale gari lenyewe linapokuwa limekufa kando ya barabara, boneti juu, mvuke unafuka kama chungu cha makande, na wewe dereva umesimama pembeni, mchuchumio mkononi, miguu peku.

Yamenikuta. Basi wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, nikusimulie safari ya Mbeya hadi Iringa. Ni kama kilomita 330 za lami, milima na mabonde. Mwenzako nilizimaliza nikiwa nimejifunza kitu ambacho hata darasani hawakunifundisha vizuri.

Kwanza ujue gari si langu. Mimi na kalamu yangu hii, Altezza ningeitoa wapi? Ni la kaka yangu, mkubwa wetu nyumbani. Ni nyeupe, ile RS200 yenye injini ya lita mbili na gia sita za mkono, nguvu za farasi 210 kutoka kiwandani. Wajapani waliizindua mwaka 1998, huko nje wakaiuza kwa jina la Lexus. Hapa Bongo vijana waliipokea kama imeletwa kwa ajili yao peke yao. Geji zake zimepangwa kama saa ya mkononi ya tajiri: saa kubwa ya mwendo katikati, na ndani yake vijisaa vidogo. Kimoja kati ya hivyo ndicho kinachoonyesha joto la injini. Kikumbuke hicho, tutakirudia.

Kaka aliinunua enzi kazi ilipokuwa kazi. Sasa kazi imekwisha, na mdogo wetu wa mwisho amepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kinafungua Jumatatu, ada haijapatikana. Akatokea mnunuzi wa Iringa, akasema: leteni gari Jumamosi nilione kwa macho, nikiridhika nalipa siku hiyo hiyo. Kaka mwenyewe alikuwa amepata kibarua Tunduma, hawezi kuondoka. Akanipa funguo huku ameshika mkono wangu kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Dada'angu, usiipige sana," akasema. "Hiyo ndiyo ada."

Nikaondoka na binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini hakuna gari asilolijua.

ALFAJIRI YA UYOLE

Kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri Mbeya mwezi wa Julai, usijigambe kwamba unaijua baridi. Mji huu ulianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Hao wachimbaji sijui walikuwa wanaoga saa ngapi! Mlima Loleza ulikuwa umejifunika ukungu hadi kidevuni. Pale Uyole wanawake walikuwa wameshapanga magunia ya viazi, madereva wa bajaji wamejivika mablanketi kama wachungaji, na mimi ndani ya Altezza nimefungua hita hadi mwisho. Raha mustarehe.

Hapo ndipo nikasikia harufu. Harufu tamu tamu, kama peremende iliyodondokea kwenye jiko la moto.

"Hiyo pafyumu yako dada, kali ile mbaya," binamu akasema.

"Pafyumu yangu haiko hivyo. Hayo ni mafuta yako ya nywele."

Tukacheka, tukaongeza muziki. Laiti ningejua.

Kutoka Uyole barabara inaporomoka kuelekea Inyala. Mteremko ule si wa mchezo, malori mengi yameshaishia pale, kwa hiyo kila mwenye akili hushuka na gia ndogo. Ukiwa unashuka taratibu unapata nafasi ya kutazama, na unagundua kwamba upo kwenye mshipa wa nchi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, inakusindikiza. Bomba la TAZAMA, lililoanza kupeleka mafuta Zambia mwaka 1968, nalo limepita ukanda huu. Kabla ya hapo barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi na tope. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, Zambia ikakosa njia ya kupitishia mafuta, ndipo malori yakaanza kuyasomba kutoka Dar es Salaam kupitia hapa. Waliokufa njiani ni wengi, hadi madereva wakaibatiza njia hii jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mimi jehanamu yangu ilikuwa bado ipo mbele.

CHAI YA CHIMALA

Tulipofika Igurusi hita ikaanza kupuliza upepo wa baridi. Nikaizungusha huku na huku, wapi. "Imekufa," binamu akatoa hukumu. Sikujali. Tulikuwa tumeshashuka bonde la Usangu, jua limetoka, mashamba ya mpunga yametanda pande zote, nani ana haja na hita?

Chimala tukasimama kunywa chai. Chapati mbili, supu kidogo, na wamama wanaouza mchele wakinisihi ninunue debe. Tulipolirudia gari nikaona kijidimbwi cha maji chini yake, upande wa nyuma ya injini.

"Binamu, hii nini?"

"Maji ya AC hayo dada. Magari yote ya kisasa yanakojoa."

Nikaridhika. Msomaji wangu, hebu nicheke, maana hata mimi leo najicheka. Asubuhi nzima tulikuwa tumefungua HITA. AC hatukuigusa. Hayo maji ya AC yangetoka wapi?

Basi tukaondoka. Tukapita Igawa, na baada ya Igawa barabara inaanza kupanda kuitafuta Makambako. Vibao vya 50 nikavitii kwa adabu, maana trafiki wenye tochi hawana utani na Altezza. Nje ya vijiji nikaikanyaga kidogo, gari likaimba. Ndipo nikautazama ule mshale wa joto. Umepanda.

Nikapunguza mwendo. Mshale ukapanda tena, ukasimama, halafu ghafla ukaanguka chini kabisa.

"Umeona? Imepoa yenyewe," binamu akasema.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Dakika mbili baadaye mvuke ukafumuka kwenye ukingo wa boneti, kioo chote kikawa cheupe, na ile harufu ya peremende ikatujaa puani.

MATAWI BARABARANI

Nikazima gari. Mwili wote ukanitetemeka, kijasho chembamba kikanitoka ilhali upepo ulikuwa wa baridi. Niliiona ada ya mdogo wangu ikipaa angani na ule mvuke.

Binamu akakata matawi akayapanga barabarani mbele na nyuma, kwa sababu ile pembetatu ya dharura ilikuwa imebaki nyumbani kwa kaka. Akafungua boneti, akafunga shati mkononi, akataka kukizungusha kifuniko cha rejeta.

"WEE KIJANA! Acha hicho!"

Sauti ilitoka kwenye lori lililokuwa limesimama upande wa pili, linaelekea Tunduma. Akashuka mzee mwenye mvi na koti la kaki, na utingo wake nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Poleni. Huyu mdogo wako anataka kubaki bila uso? Maji yaliyo ndani hapo yamebanwa. Ukifungua yanaruka yote mara moja. Kaeni chini, ngojeni hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa mkono mtupu. Na msimwagie maji ya baridi sasa hivi, hedi itapinda."

Tukangoja. Katika kungoja, mzee akanieleza jambo nililolisoma kidato cha pili na kulisahau siku ya mtihani. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa pwani. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, maji yanachemka mapema. Huku nyanda za juu, kwenye meta 1,600 na kitu, yanachemka kwa nyuzi 94 au 95. Kinachookoa injini ni kile kifuniko cha rejeta: kinayabana maji, na hivyo kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi ishirini na zaidi. Pakitoboka mahali, hata tundu la sindano, ile presha inatoka. Sasa maji yanavuja, na yaliyobaki yanachemka upesi. Hasara mbili kwa mpigo.

"Na ule mshale ulioanguka?" nikauliza.

"Ule unapima maji, binti. Maji yakiisha unapima hewa. Mshale ukianguka ghafla mlimani, usishangilie, zima gari. Halafu niambie, hita yako ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikufa Igurusi."

Mzee akatikisa kichwa. "Haikufa. Ilikuwa inakupigia simu. Hita hutumia maji ya moto ya injini. Maji yakipungua, yenyewe ndiyo huwa ya kwanza kukosa."

FUNDI WA BODABODA

Kabla mzee hajamaliza, ikaja bodaboda, imebeba kijana mwenye ovaroli la oili. Fundi. Sijui nani alimwita, lakini barabara hii habari hukimbia kuliko gari. Akatazama injini dakika moja, kisha akamgeukia binamu yangu. Mimi dereva akanipita kama mti.

"Bro, hii gasketi ya hedi imeungua. Tunaivuta hadi Makambako, tunafungua injini. Andaa laki nane, tuanze na hiyo. Wiki moja mnaondoka."

Wiki moja! Chuo kinafungua Jumatatu! Binamu akanitazama, nami nikatazama lami. Nikaanza kuhesabu kichwani nani wa kumkopa, nikafika hadi kwa mhariri wangu, nikajua nimefika mwisho wa orodha.

"Kijana," mzee akamwambia fundi kwa upole, "umejuaje kama ni gasketi?"

"Hizi zikichemsha ni gasketi tu mzee."

"Hebu tuiulize na yenyewe."

Msomaji, hapa ndipo nakuomba usome polepole, maana siku moja yatakukuta na wewe.

Mzee akachomoa stiki ya oili. Oili nyeusi, safi. "Maji yakiingia kwenye oili, hii inakuwa kama chai ya maziwa." Akafungua kifuniko cha oili juu ya injini, akatazama upande wa ndani. Hakuna utelezi mweupe. Akaniuliza mimi, safari hii mimi, kama nyuma kwenye egzosi nilikuwa naona moshi mweupe mzito. Hapana. Akafungua mlango, akapapasa zulia chini ya miguu ya abiria. Kavu. Akapitisha kidole kioo cha mbele kwa ndani. Hakuna ukungu wa mafuta mafuta.

"Kama kile kirejeta kidogo cha hita kilichomo ndani ya dashibodi kingetoboka, zulia lingelowa. Kwa hiyo harufu mliyoisikia ilitoka nje, ikavutwa na matundu ya hewa. Sasa tunatafuta maji yanapotokea."

GAZETI CHINI YA GARI

Shida ikawa maji ya kujaza. Utingo akaenda hadi nyumba za jirani, akarudi na mama mmoja aliyejitwisha ndoo ya lita 20, kitenge kimefungwa kiunoni barabara.

"Kamwene," akatusalimu.

"Kamwene mama."

Akaitazama Altezza kuanzia taa hadi tairi. "Na uzuri wote huu inakunywa maji kama ng'ombe?"

Hata yule fundi alicheka.

Tukamimina maji taratibu, injini ikiwa imeshapoa. Zaidi ya nusu ndoo ikaingia. Mzee akaniuliza kama nina magazeti. Kweli mwandishi akose magazeti? Nilikuwa na rundo kwenye buti, nakala zangu za kumwonyesha mnunuzi kwamba mimi si mtu wa mitaani. Mzee akasema tukaushe injini yote kwa kitambaa, kisha tutandike kurasa chini ya gari. Ukurasa wa mbele ukawekwa chini ya rejeta. Ukurasa wa michezo chini ya pampu ya maji. Na nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya abiria, ukatandikwa ukurasa huu huu unaousoma.

Tukafunga kifuniko, tukawasha gari, tukasubiri presha ipande. Mzee amechutama, fundi wa bodaboda naye amechutama, binamu kalala kifudifudi, mama wa ndoo kashika kiuno. Mimi macho kwenye mshale.

Ukurasa wa mbele mkavu. Wa michezo mkavu. Kisha tukasikia: to, to, to.

Maji yalikuwa yanadondokea safu yangu. Yaani picha yangu na jina langu, ndivyo vilivyokuwa vinalowa.

"Hapo hapo," mzee akasema. Akamulika kwa tochi ya simu nyuma ya injini, kule kusikofikika vizuri hata kwa mkono. Kuna mipira miwili midogo inayopeleka maji ya moto kwenye hita na kuyarudisha. Mmoja ulikuwa umepasuka pembeni ya klampu, ufa wa urefu wa ukucha. Gari likiwa la baridi ufa ulijifumba. Presha ikipanda, ulifunguka na kurusha maji kama mtoto anayekojoa.

Akanionyesha kitu kingine. Kuzunguka ule ufa kulikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, mkavu, umegandamana kama chumvi.

"Hiyo ni kulanti nyekundu ya Toyota. Inavuja kidogo, inakauka, inaacha alama. Ukoko wa unene huu haujajengwa leo. Hapa pana wiki kadhaa. Wewe umeona leo tu."

HAKUNA GHAFLA

Maneno hayo yamenikaa hadi leo. Mimi nilikuwa najiandaa kumwambia kaka kwamba gari lilivuja ghafla. Ghafla gani? Harufu ilinitonya Uyole, hita ikaniambia Igurusi, maji yakajimwaga mbele ya macho yangu Chimala. Na wiki kadhaa kabla ya hapo ukoko ulikuwa unajiandika taratibu mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Nikiwa nimekaa kwenye jiwe nikalikumbuka lile bonde tulilotoka kulipita. Maji ya Usangu ndiyo yanayoulisha Mto Ruaha Mkuu, ambao huenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993 mto huo ulikauka miezi ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na haikuwa mara ya mwisho. Watu wakasema: ghafla! Halafu kila mtu akaja na gasketi yake. Huyu kasema wafugaji, yule kasema ukame, mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuhamishwa na mifugo yao. Watafiti walioupima mto wakaonyesha pia mifereji ya mashamba ya umwagiliaji huko juu, ambayo imekuwa ikiongezeka mwaka hadi mwaka. Kama kungekuwa na gazeti la kutandika chini ya Usangu nzima, wangeona mapema tone linaangukia wapi.

Haya, turudi kwenye gari. Mzee hakuwa na mpira mpya wa saizi ile, lakini kwenye sanduku la lori alikuwa na kipande kirefu kidogo cha mpira unaovumilia moto, na klampu mbili. Akaondoa mipira yote miwili ya hita. Maji yaliyokuwa yanatoka kwenye injini kwenda hita, akayageuza kwa kile kipande yarudi injini moja kwa moja. Hita ikawekwa pembeni ya mchezo.

Fundi wa bodaboda ndiye aliyekaza klampu, maana mikono yake ni myembamba ikafika. Sikumwona kuwa tapeli. Alikuwa na haraka, na kuna siku nyingi haraka hiyo humlipa.

Kisha kutoa hewa. Mzee akanipangia gari likiwa limeelekea juu mlimani, ili rejeta iwe juu kuliko sehemu nyingine. Kifuniko wazi, injini inanguruma taratibu, yeye anaubonyeza mpira wa juu, mapovu yanatoka: bwap, bwap. Maji yakishuka tunaongeza. Mapovu yakakoma. "Ingekuwa gasketi," akamwambia fundi, "mapovu haya yasingekoma." Fundi akaitikia kwa kichwa.

Nikatoa pochi. Mzee akakataa katakata. "Nunua kulanti Makambako uchanganye, maji matupu yanaleta kutu. Na ukifika Iringa weka mipira mipya, yote miwili. Mmoja ukizeeka na mwenzake kazeeka." Fundi akapokea elfu kumi. Mama wa ndoo hakutaka hela. Aliomba yale magazeti yaliyobaki makavu, ana biashara ya maandazi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usione ajabu, safu hii ina wateja hata vijijini. Wanaisoma wakishamaliza andazi.

MAFINGA BILA HITA

Makambako nilinunua kulanti. Ni mji wa njia panda huo, ukikata kulia unakwenda Njombe na Songea, ukinyoosha unakwenda Iringa. Upepo wake unapita katikati ya mifupa. Kutoka hapo nikaendesha kwa spidi ya bibi harusi, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale. Mabasi yakanipita, malori yakanipita, hadi bodaboda yenye matenga ya kuku ikanipita na dereva wake akageuza shingo. Sikujali.

Msitu wa Sao Hill, ndio mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini, ulitupokea na misonobari yake iliyosimama kama wanajeshi wa gwaride. Mafinga kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma masikio. Injini ilikuwa na joto lake zuri kabisa. Sisi wawili ndani tulikuwa tunatetemeka kama vifaranga, hita haipo! Binamu akajifunga khanga yangu kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu Mbeya hakuwa na maoni.

KAMWENE IRINGA

Tuliingia Ipogolo alasiri, tukavuka Ruaha Mdogo, tukapanda kilima kuingia mjini. Iringa ina utaratibu wake. Mji umekaa juu kama mzee kwenye kiti, jiwe la Gangilonga linatazama kila anayeingia, na watu hawana papara. Mshale ulikuwa katikati, haujatikisika.

Mnunuzi alitungoja Miyomboni. Mfanyabiashara wa mbao, mtu mzima, mpole. Akalizunguka gari mara mbili, akaketi kwenye usukani, akatabasamu kama mtoto. Nikajua tumeuza.

Binamu akaninong'oneza: "Dada, kimya. Gari linatembea, mshale umetulia. Ukifungua mdomo tunarudi nalo."

Sikufichi msomaji, nilikusudia kunyamaza. Nilimfikiria mdogo wangu na sanduku lake lililokwisha kupangwa. Nikajiambia, kwani nimedanganya? Hajauliza.

Halafu yule baba akasema, wala hakuwa ananisemesha mimi: "Kesho naishusha Kitonga na wanangu, tunakwenda Dar."

Kitonga! Yule anayeijua anajua. Kona juu ya kona, upande huu ukuta wa mwamba, upande ule korongo, na wakati wa kurudi gari lipande kilomita kwa kilomita nyuma ya malori. Nikauona ule mpira wa kuazima. Nikawaona watoto nyuma ya kiti wakisikia harufu ya peremende na kudhani ni pafyumu ya mama.

"Baba," nikasema, "naomba nikufungulie boneti."

Nikamwonyesha kila kitu: kile kipande cha lori, mahali ufa ulipokuwa, ukoko wa waridi. Nikamweleza kwamba lilichemsha, na lilichemsha kwa muda gani. Binamu alikuwa anatazama jiwe la Gangilonga kana kwamba litamsaidia.

Baba yule akanyamaza muda mrefu. Kisha akapiga simu, akaja fundi wake na kipima presha. Akakifunga mdomoni mwa rejeta, akapampu, tukakitazama kile kijisaa robo saa nzima. Hakikushuka. Wakakagua oili upya, wakaweka mipira mipya yote miwili, hita ikafufuka.

"Gari nalichukua," akasema magharibi. "Lakini nakata laki tatu. Si za mipira. Ni za wasiwasi ulionipa."

Sikubishana. Hela zikaingia kwenye simu ya kaka usiku ule ule. Nilipompigia kumweleza kwa nini zimepungua, alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Ningekuwa mimi," akasema mwishowe, "ningenyamaza." Kisha baada ya kitambo: "Afadhali ulikwenda wewe."

Jumatatu mdogo wetu aliripoti chuoni na sanduku lake. Pengo la laki tatu nimeahidi kulilipa mimi, kidogo kidogo, kwa makala kama hii. Kwa hiyo ukikuta wiki kadhaa mfululizo sijakosa kutoka, usiseme nimekuwa hodari. Nalipa deni la mpira wa hita.

Na wewe mwenye Altezza, Subaru au hata Vitz ya mkopo, kesho asubuhi kabla ya kuwasha, tandika gazeti hili chini ya gari lako. Likilowa, angalia ni ukurasa gani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.